Kutoka maabara hadi kitivo cha sheria: tathmini ya kozi moja ya maandalizi

Nilisoma fizikia, kemia na baiolojia katika sekondari ya juu, na karibu kila aliyenizunguka alikuwa amekwisha kunivalisha koti jeupe la udaktari kabla mimi mwenyewe sijaulizwa. Nilipotangaza kwamba ninataka kusoma sheria, swali la kwanza nililorudishiwa lilikuwa kama jambo hilo linaruhusiwa. Linaruhusiwa, na nitalieleza baadaye kidogo. Kilichoninyima usingizi kilikuwa kingine: nitawezaje kushindana na wenzangu waliotumia miaka yao ya sekondari kuandika insha za historia na fasihi, ilhali mimi insha yangu ndefu ya mwisho ilikuwa ripoti ya jaribio la asidi na besi? Ndipo nilipojiunga na kozi ya mtandaoni ya wiki 12 inayojitangaza kuwa imetungwa mahususi kwa wanafunzi wa sayansi wanaoelekea kitivo cha sheria.

Jina la kampuni inayoiendesha sitalitaja, kwa kuwa kozi za namna hii zimekuwa nyingi na zinafanana kama mapacha, na nitakayoyasema hapa yatamsaidia msomaji kuipima yoyote atakayokutana nayo. Nimesubiri makusudi kabla ya kuandika. Nimeimaliza kozi, nimefanya LNAT, mtihani ambao baadhi ya vyuo vya Uingereza huwachujia waombaji wa sheria, nimedahiliwa, na sasa ninamalizia mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria. Mtu akitathmini kozi ya maandalizi siku ya kupokea barua ya udahili, atasifu kila kitu. Akiitathmini baada ya kukaa mbele ya hukumu ya kurasa 40 anayotakiwa kuieleza darasani asubuhi inayofuata, atajua ni somo lipi lilimfaa na lipi lilikuwa mapambo.

Somo la kwanza linahusu sifa za kujiunga, na mzazi mwenye wasiwasi angepaswa kulisikiliza pamoja na mtoto wake. Linaeleza kwa utulivu kwamba mifumo ya elimu ya sheria hutofautiana, na kwamba mchepuo wa sayansi haufungi mlango katika mifumo mikubwa mitatu inayofundishwa na kozi hii. Nchini Uingereza mwanafunzi anaweza kuanza shahada ya sheria moja kwa moja baada ya sekondari, na vyuo kadhaa vinavyodai LNAT vinatumia mtihani usiopima ujuzi wa somo lolote: maswali 42 ya kuchagua yanayotokana na vifungu 12 vya kusoma, kwa dakika 95, kisha insha moja kwa dakika 40. Nchini Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na chama cha mawakili cha nchi hiyo, ambacho ndicho kinachoidhinisha vyuo vya sheria, hakipendekezi somo fulani kuwa ndilo la kuandalia safari hiyo. Mwenye shahada ya kemia na mwenye shahada ya falsafa hukaa chumba kimoja kufanya LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya huko. Nchini India mtihani wa CLAT hufungua njia ya shahada ya miaka mitano, na mwanafunzi wa mchepuo wowote wa darasa la 12 anaruhusiwa kuufanya mradi afikishe wastani unaotakiwa.

Maelezo hayo ni sahihi na yamepangwa vizuri. Tatizo linaanza dakika chache baadaye, pale mkufunzi anapotaka kututia moyo na kumleta Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aliyehitimu kemia Oxford mwaka 1947 na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1954. Ni kweli tupu, lakini mfano wenyewe hauendani na wasikilizaji. Thatcher alifika kwenye sheria akiwa na shahada nyingine mkononi na baada ya kufanya kazi ya ukemia viwandani. Hakuwa kijana wa miaka 18 anayeruka kutoka maabara ya shule hadi mwaka wa kwanza wa sheria. Tena alijikita katika sheria za kodi, mahali ambapo ukemia wake haukuwa na kazi kubwa. Aliyetaka mfano wa sayansi na sheria kuishi katika mtu mmoja angemtaja William Grove, aliyebuni aina ya mwanzo kabisa ya seli ya fueli, kifaa kinachozalisha umeme kwa mmenyuko wa kemikali, na baadaye akawa jaji, au Arthur Cayley, aliyefanya kazi ya uwakili kwa miaka kama 14 huku akichapisha hisabati iliyompa jina. Naacha hapo, maana mifano ya watu mashuhuri hazimfundishi mtu kuandika insha.

Kuanzia wiki ya pili kozi inagawanyika katika njia tatu, kila mmoja akifuata mtihani wake. Mimi nilifuata LNAT, lakini akaunti yangu iliniruhusu kuchungulia zile nyingine, na niliyoyaona kwenye njia ya LSAT yalinishangaza. Sehemu nzima ilikuwa imetengewa mafumbo ya kupanga, yale ya nani akae kiti cha ngapi na nani asikae karibu na nani, ambayo wanafunzi wa sayansi huyapenda kwa sababu yana jibu moja lisilobishaniwa. Mafumbo hayo yaliondolewa kwenye LSAT tangu Agosti 2024, nami nilikuwa ninasoma baada ya tarehe hiyo. Niliandika kuuliza. Nikajibiwa kwamba yanaachwa kwa ajili ya kunoa akili. Mtu anayelipia wiki 12 ana haki ya kuambiwa mapema kwamba wiki mbili kati yake ni za kunoa akili tu. Njia ya CLAT nayo ilitangazwa kwa maneno kwamba mwanafunzi wa sayansi anaingia akiwa na faida kubwa ya hesabu, wakati sehemu ya hesabu katika mtihani huo ni takriban asilimia 10 ya maswali 120, na hesabu zenyewe ni za kiwango cha chini ya kile alichokwisha kukivuka zamani.

Nataja mambo haya mawili kwa sababu ndiyo yaliyonionyesha tabia ya kozi nzima. Kila ilipojaribu kutufariji kwa kuifanya sheria ionekane kama fizikia iliyovaa joho, ilipotoka. Kila ilipotuacha tukwaruzwe na tofauti kati ya viwili hivyo, ilifundisha vizuri sana.

Masomo ya mantiki yako upande wa kufundisha vizuri, na nafikiri aliyeyatunga aliwahi kusimama mbele ya darasa la kemia. Alitaka tuelewe tofauti kati ya sharti la lazima na sharti la kutosha, jambo linalowaangusha watahiniwa wengi kwenye vifungu vya hoja. Akaanza na moto. Moto wa kuni hauwaki bila oksijeni, lakini chumba kilichojaa oksijeni hakiwaki chenyewe. Basi oksijeni ni ya lazima na haitoshi. Kisha akahama bila kubadilisha sauti: hakuna mkataba bila makubaliano, lakini watu wawili waliokubaliana kwenda matembezi Jumamosi hawajafunga mkataba ambao mahakama itausimamia. Nilielewa kwa dakika 10 kitu ambacho vitabu vya mazoezi vilikuwa vimenizungusha nacho kwa wiki. Somo lililofuata lilitutaka tutafute dhana iliyojificha katika hoja, yaani lile ambalo mwandishi hakulisema lakini bila hilo hoja yake inaporomoka, na hapo pia mazoea ya maabara yalisaidia, kwa kuwa mwanafunzi wa sayansi amezoeshwa kuuliza ni kigezo gani kimeachwa bila kudhibitiwa.

Wiki ya tano ndiyo iliyonibadilisha. Tulipewa kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa mwaka 1932 na Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya juu kabisa, na ambayo mwanafunzi wa sheria ya madhara, yaani ya kumdai fidia aliyekuumiza, katika nchi zinazofuata mfumo huo haikwepi. Mwaka 1928, katika mgahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kilichokuwa kwenye chupa nyeusi isiyopenya mwanga. Akanywa kiasi. Rafiki alipommiminia kilichobaki, kwa maelezo yake, mabaki ya konokono aliyeoza yakaelea kwenye glasi, na mwanamke akaugua. Kwa kuwa kinywaji kililipiwa na rafiki, hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa. Akamshtaki mtengenezaji ambaye hajawahi hata kumwona. Majaji watatu dhidi ya wawili wakasema mtengenezaji ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili ya mnywaji wa mwisho, na hapo ndipo mmoja wao, Lord Atkin, alipouliza swali lake maarufu la kisheria kuhusu nani ni jirani yangu.

Tulitakiwa kuandika maswali matatu kuhusu kesi hiyo. Langu la kwanza lilikuwa la maabara: nani alimpima yule konokono? Mkufunzi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu aliyekuwa akitufundisha siku za Alhamisi, alilisoma swali langu mbele ya wote, nami nikajiandaa kuaibika. Akasema hakuna aliyempima. Kesi ilifika kwenye baraza hilo kwa swali moja tu, kama maelezo ya mlalamikaji yakichukuliwa kuwa ya kweli, je, sheria inampa haki ya kudai? Majaji walijibu kwamba inampa, shauri likarudi Uskoti ili ushahidi usikilizwe, mdaiwa akafariki kabla, na pande zikamalizana nje ya mahakama. Mpaka leo hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba ndani ya chupa ile kulikuwa na konokono.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba hitimisho halianzi mpaka data zikae mezani, ilikuwa kama kuambiwa kwamba nyumba ya ghorofa nyingi imejengwa juu ya kiwanja ambacho hakijawahi kupimwa. Lakini ndivyo fani ilivyo: swali la kilichotokea na swali la sheria inasema nini juu ya kilichotokea ni maswali mawili, na mahakama inaweza kulijibu la pili huku la kwanza likisubiri. Mkufunzi hakujaribu kunituliza. Aliniambia niendelee kuudhika, nijue tu ninaudhika na swali lipi kati ya hayo mawili. Chuoni, miezi mingi baadaye, niliona wenzangu wakichanganya maswali hayo kwenye insha na kupoteza alama, na nikamkumbuka yule mama wa Alhamisi kwa shukrani.

Ingekuwa haki kusema kwamba wakufunzi wote walikuwa hivyo, lakini hawakuwa. Kipindi cha moja kwa moja cha wiki ya sita kiliendeshwa na mwingine, kijana mwepesi wa maneno, juu ya kanuni ya kubuni inayokataza kuingiza chombo cha usafiri katika bustani ya umma. Ni mfano wa mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, H.L.A. Hart, uliozua mabishano kati yake na mwenzake wa Marekani, Lon Fuller, mwaka 1958, na uzuri wake uko katika ugumu wake: gari dogo la abiria limekatazwa bila shaka, lakini baiskeli je, kigari cha mtoto je, na lori la kijeshi litakalosimikwa katikati ya bustani kama kumbukumbu ya vita je, alilouliza Fuller? Sisi watu wa sayansi tulikimbilia tafsiri ya maneno. Mmoja alipendekeza kipimo cha uzito, mwingine idadi ya magurudumu. Badala ya kutuuliza katazo hilo liliwekwa kwa ajili ya nini, na kama kusudi la kanuni linaruhusiwa kushinda maneno yake, kijana yule alitupa jedwali lenye safu ya vyombo na safu ya majibu ya kama kimekatazwa: baiskeli ndiyo, kigari cha mtoto hapana, lori la kumbukumbu hapana. Washiriki wakashukuru na kupiga picha ya skrini. Nina hakika baadhi yao walilikariri.

Huduma iliyonifanya niseme fedha yangu haikupotea yote ni usahihishaji wa insha. Kila wiki unaandika insha moja kwa dakika 40 bila msaada, unaipakia, na msahihishaji, ambaye humjui na ambaye hubaki yule yule hadi mwisho, anairudisha ikiwa na maoni pembeni. Swali la kwanza nililochagua lilikuwa kama serikali ina haki ya kumlazimisha mtu mzima kuchanjwa. Nililichagua kwa kujiamini, nikidhani nimekutana na uwanja wangu. Nikaeleza kingamwili, nikaeleza kinga ya jamii, nikaeleza kwa nini kiwango cha chanjo kinachohitajika hutegemea kasi ya ugonjwa kuambukiza, na katika sentensi ya mwisho nikaandika: “Hivyo imethibitika kwamba sheria ya kulazimisha chanjo ni sahihi.”

Insha ilirudi ikiwa na maoni matatu tu. Kando ya aya ya kingamwili: “Haya yote ni kweli. Swali liliuliza nini?” Chini ya neno “imethibitika”, ambalo nilikuwa nimelitumia mara tano: “Nani amethibitisha?” Na mwishoni: “Asiyekubaliana nawe akisoma hapa, hajaulizwa chochote.” Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Ripoti ya maabara inakufundisha kumficha mtendaji, “ilionekana”, “ilibainika”, “ilipimwa”, kwa sababu jaribio likifanywa na yeyote lilete jibu lile lile. Insha ya hoja inataka kujua nani anasema, kwa msingi gani, na anamjibu nani. Hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuniambia hivyo, na sidhani ni kosa lao, maana katika madarasa yao kuficha mtendaji kulikuwa kuandika vizuri.

Wiki ya tisa nililirudia swali lile lile kwa hiari yangu. Sentensi ya kufungulia ilikuwa hii: “Hata tukikubali kwamba chanjo hupunguza maambukizi, bado hatujajibu kama serikali inaweza kumshurutisha mtu mzima kupokea kitu mwilini mwake, ufanisi wa dawa unampa mtunga sheria sababu ya kuomba mamlaka hayo, haumkabidhi mamlaka yenyewe.” Kingamwili zilibaki na mstari mmoja. Msahihishaji akaandika pembeni, “Sasa tunabishana,” kisha akaendelea kunibana juu ya mtoto, mgonjwa na mhudumu wa hospitali, kila mmoja akidai jibu lake. Kwenye LNAT insha haiingizwi kwenye alama za maswali ya kuchagua. Hutumwa kwa vyuo, na kila chuo huitumia kinavyoona. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wa kozi hii waliziruka insha na kubaki na mazoezi ya kuchagua. Nawaelewa, ila walilipia gari wakaondoka na matairi.

Yapo ambayo kozi haikuyagusa kabisa. La kwanza ni kusoma kwa muda mrefu. Vifungu vya mazoezi ni vifupi, kama vilivyo vya mtihani, na mwanafunzi wa sayansi anaweza kufika chuoni akiwa hajawahi kusoma kurasa 40 mfululizo zisizo na mchoro wala mlinganyo. Wiki mbili zilizopotelea kwenye mafumbo ya kupanga zingetosha kutupa hukumu tatu nzima, tuzisome bila mwongozo na kuumia mapema. La pili ni mahali sayansi inapolipa kweli. Wanaotaka kusajiliwa kuwatetea wavumbuzi mbele ya ofisi ya Marekani ya hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hutakiwa kuwa na elimu ya sayansi au ufundi ya kiwango cha chuo kikuu, na mawakala wa hataza barani Ulaya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kijana anayependa vyote viwili huenda akafaidika zaidi kwa kuchukua kwanza shahada ya sayansi na kuja kwenye sheria baadaye, njia ambayo Uingereza na Marekani zinaikubali. Kozi inayouza safari ya moja kwa moja haina hamu ya kumwambia mteja wake kwamba kuna safari ya kuzunguka inayoweza kumfaa zaidi.

Kuhusu jukwaa lenyewe sina mengi. Video zinafunguka, manukuu yako sahihi, mazoezi yenye saa yanafanana na mtihani halisi kwa muonekano na mwendo. Majibu ya barua pepe huchukua siku mbili au tatu, na wiki ya 11, wakati kila mtu ana haraka, yalichukua nane.

Kwa mwenye kufikiria kujiunga na kozi kama hii, ningemshauri aulize mambo mawili kabla ya kulipa: nani atasahihisha insha zake na mara ngapi, na maswali ya mazoezi yalifanyiwa marekebisho lini. Nyongeza ya tatu ningeijua mapema ningefurahi. Siku 30 baada ya wiki ya mwisho akaunti yangu ilifungwa, na insha zote pamoja na maoni ya pembeni zikafungwa humo. Nilikuwa nimeyanakili kwa mkono maoni ya insha nne, ya kwanza kabisa ikiwamo, kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la kemia. Zile nane nyingine nimeziomba mara mbili, na bado sijajibiwa.